Mihayo Aota Nywele

Bernadeta alijibanza nyuma ya lori la saruji kwenye kivuko cha Kamanga, mwanawe Nkwabi mgongoni, akimwomba Mungu mtoto asilie. Kule mbele mume wake Mihayo alikuwa ameegemea chuma, akipapasa nywele zake kila baada ya muda, kama mtu anayehakikisha simu bado iko mfukoni.

Nywele zenyewe zilikuwa mpya. Kwa miaka mingi Mihayo hakuwa na unywele hata mmoja, si kichwani, si kwenye nyusi. Zilianza kudondoka kwa mabaka ya mviringo, zikaisha zote. Bernadeta alipomsihi aende hospitali, alicheka. Pale Mwaloni, Kirumba, anapouza dagaa, walimwita Balbu, naye aliitika bila kinyongo.

"Kichwa hiki kinaoga haraka," alikuwa akisema.

Kisha baba yake akafariki. Bernadeta alikuwa wodini, amejifungua, kwa hiyo Mihayo alivuka ziwa peke yake kwenda kwao kuzika. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Kesho yake akatangaza kwamba anataka nywele.

Alianza na kitunguu. Alikitwanga, akajipaka, na nyumba nzima ikanuka kachumbari. Kitunguu kiliposhindwa akahamia mafuta ya nyonyo, ambayo yaliharibu mito miwili na hayakuotesha kitu. Mwishowe Bernadeta mwenyewe ndiye aliyemburuta kwa daktari wa ngozi.

"Huu si ule upara wa ukoo," Dokta Rebeka alieleza, akikipima kichwa kwa vidole. "Kinga ya mwili wako inashambulia nywele kwa kukosea. Mizizi haijafa, imelala tu. Tutajaribu sindano za kichwani na dawa. Nywele zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Na zikirudi, zinaweza kudondoka tena."

"Hata zikija mara moja tu, dokta, zinanitosha."

Daktari alimtazama. "Mbona hukuja miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa sizihitaji," Mihayo alisema, macho chini.

Jibu hilo halikumtoka Bernadeta kichwani. Jirani yake Winnie, ambaye hajawahi kuona moshi asiulize nani anapika, hakumsaidia hata kidogo. "Shoga, mwanaume akianza kujipendezesha ukubwani, kuna anayemtazama. Huko msibani alikutana na nani?"

Sindano ziliuma, Mihayo akavumilia kwa kukaza meno. Siku moja asubuhi aliita kutoka bafuni. Kichwani palikuwa na vinyweleo vyeupe, vichache, vimesimama ovyoovyo. Alilia. Bernadeta alimshika mkono, naye akalia, lakini si kwa sababu ileile.

Vinyweleo vikawa nywele. Kinyozi Ngosha alipojitolea kuzisawazisha, Mihayo alimkimbia. Halafu juzi, Bernadeta akiwa anaanika nepi nyuma ya dirisha, alimsikia mumewe kwenye simu.

"Zimeota. Zinashikika kabisa. Hapana, sijazigusa, nakuletea zilivyo." Akashusha sauti. "Mke wangu sijamwambia. Naona aibu."

Bernadeta alimpenda yule mwanaume akiwa kipara. Kumbe anaotesha nywele ili akampelekee mtu mwingine! Jambo hilo lilimuuma kuliko uchungu wa uzazi, na huo alikuwa hajausahau. Aliapa kwamba akimwona huyo mwanamke kwa macho yake, atakwenda stendi ya Nyegezi na mtoto wake, apande basi la Bukoba, arudi kwao moja kwa moja.

Kivuko kiligonga gati. Mihayo alivaa kofia nyekundu, akapanda bodaboda. Bernadeta akapanda nyingine.

"Mfuate yule wa kofia," alisema.

"Ni shemeji?" dereva aliuliza.

"Tutajua tukifika."

Baada ya muda aliitambua njia. Ilikuwa ileile ya kwenda kwa marehemu baba mkwe. Hasira zikampanda upya. Kwa hiyo ni hapahapa kwao, na ukoo mzima unajua, na yeye ndiye aliyekuwa akiwatumia salamu kila wiki.

Alishuka mbali kidogo, akazunguka nyuma ya migomba. Sauti ya mwanamke ilitoka uani, laini, yenye furaha.

"Vua kofia nizione. Aa! Njoo karibu. Ni laini kama za mtoto mchanga."

"Nimezitafuta kwa tabu," Mihayo alijibu.

"Najua. Kaa hapa mbele yangu."

 Bernadeta akakaza kanga ya mtoto, akaona basi la Bukoba mbele ya macho yake, akatoka migombani na maneno yote mdomoni.

Mihayo alikuwa amekaa chini kando ya kaburi la baba yake, ndugu zake wamemzunguka. Nyuma yake alisimama shangazi yake, bibi Selina, beseni la maji miguuni, wembe mkononi.

"Tulia, mwanangu," bibi kizee alisema, akimshika kisogo. "Siku ya kuanua tanga niliwanyoa wenzako wote. Wewe peke yako ndiye hukuwa na cha kumnyolea mzee."