Nyirinyiri Isiyo na Chumvi

Mbwa alilitema ini mara ya pili, akalitazama, kisha akamtazama Saado kama mgeni aliyeletewa chai baridi.

"Keti!" Saado aliamuru, kwa Kiswahili safi cha msoma taarifa ya habari.

Mbwa huyo, Libah, alibaki wima. Bandani mbuzi mmoja akapiga chafya.

Saado alikuwa na diploma ya afya ya mifugo. Ilikuwa kwenye fremu sebuleni, karibu na saa. Kazi ndiyo hakuwa nayo. Kwa hiyo mjomba wake, Abti Deeq, alipomtuma mbwa huyo kwa lori la mifugo kutoka Lafey na kusema kwenye simu, "Huyu hana adabu hata chembe, mfundishe," Saado aliona ajira imeshuka kwa miguu minne. Fisi walikuwa wanasumbua maboma yote pembezoni mwa Garissa, na kila mfugaji alitaka mbwa mlinzi mwenye adabu. Mzee Ogle, aliyewashinda majirani wote kwa wingi wa mbuzi, alikuwa ameahidi kwamba akimwona Libah ameketi huku mbuzi wanapita mbele yake, atamletea Saado mbwa wake wote awafunze kwa malipo. Angekuja Alhamisi.

Kilichobaki kilikuwa kupata kitafunio cha kumtuza. Kitabu cha chuo kilisema kiwe kidogo, chenye harufu, kisicho na chumvi, na kitolewe papo hapo mwanafunzi anapofanya jambo jema. Ukichelewa, hajui anatuzwa kwa lipi.

Biskuti, Libah alizinusa akazipita. Mandazi aliyafukia mchangani, kwa heshima zote. Ini la kuchemsha, kwa joto la Garissa, lilianza kunuka kabla ya adhuhuri, na hata mbwa ana viwango vyake.

"Nyama yako inalia maji," alisema Batula, mama yake, akiwa mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Hakusogea zaidi. Mate ya mbwa yakimgusa, ni kazi ya kujiosha kwa maji na mchanga. "Kausha ya ngamia. Kama nyirinyiri, ila bila chumvi."

Nyirinyiri ilikuwa mada nyeti katika nyumba ile. Batula alikuwa akiuza vipande hivyo vya nyama, vilivyokaushwa na kukaangwa, kwa madereva wa malori waendao mpaka Takaba, na siku hizi vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa. Alikuwa amemwomba binti yake ajifunze. Saado akamjibu kwamba hakusomea kukaanga. Alilisema kwa ufasaha mkubwa, ndiyo maana liliuma.

"Sawa, Hooyo," alisema hatimaye. "Lakini haya si mapishi. Hii ni sayansi."

"Wallahi, mimi nitajuaje?" mama akajibu.

Saado akakata mikanda ya nyama, akaianika kambani, akaikaanga. Libah akasimama kama kigingi.

"Mikanda minene," Batula alisema kutoka jikoni. "Hata mbwa ameona."

Saado akakata myembamba. "Mashallah, mwanangu!" mama akasema kabla kisu hakijatua, na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia kikawa mbele yake.

Saado akapunguza moto. Akakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Jikoni Batula akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, kukung'uta mafuta, na papo hapo Libah akaketi.

Saado nusura alie. Alijua! Ilikuwa harufu.

Tangu hapo, nyama ikiungua, mbwa hakupinda hata goti. Ikiiva sawasawa, mwiko ukalia, Libah akaketi, na mama akamimina chai. Saado akawa anaamka na kuwasha moto bila kuambiwa, kwa ajili ya mbwa tu, bila shaka. Libah alikula kiganja kimoja, nyama iliyobaki mama aliichukua, "isiharibike."

"Siri ni kutuza papo hapo, Hooyo," Saado alimfafanulia mama yake, akipuliza chai. "Ukifanya vizuri, mwanafunzi hajui hata kama anafundishwa."

"Ajabu," alisema Batula, akamwongezea chai.

Alhamisi Mzee Ogle alifika, akaegemea fimbo yake. Saado akafungua banda. Mbuzi wakamiminika mbele ya pua ya mbwa.

"Keti!"

Libah hakuketi. Alitazama mbali, nyuma ya bega la Saado, kama anayesubiri mtu. Saado aliihisi ile fremu ikitetemeka ukutani.

"Mbwa wako haelewi lugha," Ogle alisema, "au amekuelewa akakudharau?"

Jikoni mwiko ukagonga sufuria. Libah akaketi kama kadhi. Kitoto cha mbuzi kikamkanyaga mkia, naye hakupepesa jicho.

"Subhanallah!" Ogle akachota kipande kwenye bakuli la Saado, akatafuna taratibu. "Haina chumvi. Lakini huu ni mkono wa Batula, hata nikiwa nimefumba macho."

"Ni mkono wangu, Mzee," Saado alisema, akashangaa jinsi sauti yake ilivyojivuna.

"Basi mbwa wangu wanakuja Jumapili. Nawe niwekee kopo la hii, yenye chumvi."

Saado akakimbilia ndani kumpa mama habari. Batula alikuwa amempa kisogo, simu sikioni, mwiko mapajani.

"Deeq, ndugu yangu, njoo umchukue mbwa wako," alikuwa akisema. "Bado anaketi kwa mwiko, vilevile ulivyomfundisha." Akacheka kidogo. "Na msichana ameshafuzu."