Doa Kwenye Ini la Mama

Daktari wa picha alibandika filamu ya zamani kwenye ubao wa taa. Nikaona aibu, maana gundi ya dirisha letu la jikoni bado ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kona.

Mama alikuwa akisubiri kupasuliwa saratani ya utumbo, na skani ya asubuhi ilikuwa imeonyesha doa kwenye ini lake. Kama ni ile saratani imesambaa, daktari alituambia, upasuaji basi tena. Lakini kama doa lilikuwepo tangu zamani na halijakua, hilo si saratani.

Picha ya zamani tulikuwa nayo, skani ya tumbo ya mwaka ule mama alipoanguka ngazini. Baba aliitumia kuzibia dirisha kioo kilipovunjika. Nilikimbia nyumbani nikaibandua.

"Hii mliikaanga?" daktari aliuliza, akifuta masizi.

"Muulize baba yake," mama alisema. "Yule hajui kutupa kitu."

Daktari akalipima doa la zamani. Akageukia skani ya leo, akapima tena.

"Mwanangu, sogea uone. Ni lile lile, halijaongezeka hata chembe," daktari alisema.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaanza kuvua bangili.

"Haya, mnanipasua lini?"