Fuko Aliyezunguka Mwezi

Zamani, mwezi ulipokuwa bado unafikika kwa mbawa, Korongo alitafuta mwenzi wa kuuzunguka. Simba akakumbuka kuwa ana mgonjwa nyumbani. Nyani akataka kwanza amwone aliyewahi kurudi. Fuko, kipofu mchimba mashimo, akampanda Korongo mgongoni.

"Utaona nini huko, mzee?" wakamcheka.

Nyuma ya mwezi giza likawameza. Mabawa yakamlegea Korongo.

"Tulia, mwanangu," akasema Fuko. "Gizani ndiko kwangu. Nyoosha tu."

Walipochomoza upande wa pili, Korongo akashusha pumzi. "Naiona dunia yetu!"

"Ina ukubwa gani?"

"Inaenea kiganjani mwako."

Fuko akakikunjua kiganja chake cha kuchimbia.

Tangu siku hiyo huchimba taratibu, asije akaitoboa.