Nyuzi Ishirini na Moja

Saa nane na dakika kumi mchana kipimajoto kilisoma nyuzi sitini na moja. Umeme ulioingia kwenye chupa ungeweza kuipasha hadi arobaini tu.

Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu joto lianze kuzidi. Fundi redio aliandika namba hiyo daftarini. Chupa ya maji mazito, yale ya majaribio ya nyuklia, yenye fimbo ya metali ya paladi ndani, ilizikwa hadi shingoni katika sanduku la mchanga ili isipoteze joto. Kwa miaka miwili viini vya atomi alivyotaka viungane na kuzalisha joto vilikataa, joto halikuzidi hata kidogo, na mwishowe fundi aliacha kula, akaacha na kusema. Sasa alikuwa na nyuzi ishirini na moja za ziada, na daftari la kumuumbua kila aliyemcheka.

Mdogo wake, mwalimu wa fizikia, aliingia kwa mlango wa jikoni, akikohoa moshi wa mkaa.

"Kaka, fundi mzima, hita ya kuchemshia maji ya mkeo imekushinda?"

"Imeungua. Nitaitazama nikipata nafasi."

"Hebu sogeza sanduku hilo tuone nyuma yake."

"Uone, kisha ukatangaze ni lako?"

"Kaka, joto hilo si lako."

Maneno hayo fundi alikuwa akiyangoja tangu siku ya kwanza.

"Mtaka cha mvunguni," mdogo wake alicheka, akainama, akatia mkono mchangani.

Spana kubwa ilikuwa mezani; fundi akaikamata. Pigo la kwanza lilimpata mdogo wake nyuma ya sikio. Aliinua mkono kujikinga. La pili likauvunja. La tatu lilipasua paji la uso.

"Kaka, ngo—"

La nne lilimnyamazisha. La tano halikuwa na kazi, lakini fundi alilipiga. Damu ilitiririka hadi kwenye sanduku, mchanga ukainywa.

Mke wa fundi alisimama mlangoni, upepeo mkononi. Aliutazama mwili, kisha sanduku.

"Alitaka kuniibia," fundi alisema.

Mkewe alipiga magoti kwenye damu, akazamisha mkono mchangani, akashika waya, akavuta. Hita ya kuchemshia maji ikachomoka chini ya chupa, nzima, ingali ya moto. Waya wake ulipita kwenye tundu la ukuta hadi jikoni.

"Ulikuwa umeacha kula, baba watoto," alisema.

Saa tisa na dakika tano kipimajoto kilisoma nyuzi arobaini.