Kaburi Nyuma ya Vyumba

Shimo lilikuwa limefika kiunoni Paddy Oguttu aliposhuka kwenye bodaboda na kukuta watu wakichimba nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha.

"Simameni! Mnachimba nini kwenye ploti yangu?"

Hakuna aliyesimama. Owori, mchimbaji, alijifuta jasho kwa kiganja. "Mzee, wacha fujo. Hapa iko msiba."

Oguttu alilisogelea shimo. Vyumba hivyo vya Busia ndivyo jasho lake lote la kazi ya Juba. Sasa mgongo ulikuwa umeikataa kazi, na mnunuzi alikuwa akimngoja Tororo. Nani atanunua ploti yenye kaburi la watu wengine? Kwao, alipolala mfu wako ndipo kwenu. Mpangaji msumbufu unaweza kumfukuza. Kaburi utalifukuza vipi?

"Nani amekufa?"

"Mume ya Jovia," alijibu Benedeta, bibi wa chumba cha kwanza. "Alizama ziwani. Mwili haikuonekana, ndiyo tunazika tunda ya mwegea badala yake, vile wazee walifanya."

Jovia! Msimamizi wake, ambaye Oguttu alimkabidhi funguo rangi ya kuta ikiwa haijakauka. Tangu hapo Jovia alikuwa akimtumia kodi kwa simu, na Oguttu akifurahi kwamba mambo yanajiendesha. Wapangaji wote waliingizwa na Jovia. Hakuna aliyemjua mwenye nyumba kwa sura. Naye Oguttu hakujua hata kama Jovia aliolewa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na bwana huyu aliishika fimbo yake kutoka nchi nyingine. Kumbe mama huyu alikuwa akijinyakulia ardhi kwa kaburi la mumewe!

Alimkimbilia Ecweru, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa ameketi chini ya turubai.

"Mwenyekiti, wazuie! Mimi ndiye mwenye ploti."

Ecweru alimtazama kwa huruma. "Mzee, tangu msiba uanze wewe ni wa tatu kuja kudai. Mwenye ploti sisi tunamjua."

"Hati ziko kwa wakili, Tororo. Nipe hadi jioni."

"Leta kesho. Wacha tuzike kwanza."

"Mkizika, mimi nimekwisha!"

Wanaume wawili walimshika mabega, kwa upole kabisa, kama mlevi anayependwa. Upole huo ulimuumiza kuliko kofi.

Jeneza likaletwa. Lilikuwa jepesi. Jovia alifuata nyuma, kitambaa cheusi kichwani. Macho yao yakakutana. Akasimama ghafla. Kisha akaangua kilio hata wanawake wakamshika asianguke.

"Jovia, nimekukosea nini?" Oguttu aliuliza, lakini wimbo wa kanisa uliimeza sauti yake. Alijaribu kujinasua. Mgongo ukagoma. Akabaki akilia mbele ya watu asiowajua, nao wakamwambia pole.

Jeneza lilishushwa kwa kamba. Mchungaji alichota udongo, akangoja watu watulie.

"Mama Jovia, usilie kama asiye na tumaini," alisema. "Mumeo amekuachia vyumba hivi, na leo tunamlaza katika ardhi aliyoinunua mwenyewe."

Akautupa udongo shimoni.

"Lala salama, ndugu yetu Paddy Oguttu."