Nani Atashika Kamera

"Kwa mikono," alisema Sjoerd. "Vijiti vya kupenyeza tumboni, kamera, na vidole vyako vinavyohisi nyama ikivuta. Roboti haihisi kitu."

"Roboti haitetemeki," Wietske akamjibu.

Walisimama mbele ya picha za utumbo, na chumba cha upasuaji kilikwisha kuandaliwa. Wote wawili walikuwa madaktari wa upasuaji. Sjoerd ndiye aliyemfundisha Wietske kazi, na asubuhi hii mwanafunzi alikuwa hashikiki.

Picha hazikupendeza. Vifuko vilivyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana vilikuwa vimevimba tena na tena, na kimoja kilikuwa kimegandana na kibofu cha mkojo. Kipande kile cha utumbo lazima kikatwe na ncha ziungwe. Wakikosea, mgonjwa ataamka na mfuko wa kinyesi tumboni, na mgonjwa huyu alishasema wazi kwamba hautaki.

Sjoerd alimeza mate. Tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni, hata kahawa, na Mfrisia wa kaskazini mwa Uholanzi aliyenyimwa kahawa si mtu wa kukaa naye karibu.

"Matundu ni madogo kwa njia zote mbili," alisema, kiganja chake kikiwa upande wa kushoto wa tumbo, pale alipozoea kuwaonyeshea wanafunzi. "Tofauti ni kwamba ukiwa na roboti unakaa kule pembeni kwenye kiti, unachungulia, mgonjwa umemwacha huku."

"Na mkono wa roboti unajikunja pale kijiti changu kinapogoma. Si unaona kibofu kilivyonaswa? Wewe mzee, umeipenda njia yako mpaka umefumba macho."

"Njia yangu imewarudisha wengi nyumbani."

"Najua, nilikuwepo. Kila mara ama unanishikia kamera, ama nakushikia." Wietske alishusha sauti. "Leo atafanya mmoja wetu tu. Haya, niambie, nani atashika kamera?"

Sjoerd alimfikiria msaidizi wao. Douwe alikuwa kijana mzuri, lakini mkono wake ulikuwa ukichoka mapema na picha kuanza kuyumba. Kwa njia ya vijiti kamera ndiyo macho, na macho yako humwachii mtu yeyote tu. Roboti hujishikia yake.

Aliogopa. Miaka yote aliwaambia wagonjwa wasiogope, na sasa aliona jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi.

"Neno la mwisho ni lako," alisema Wietske. "Ukitaka mikono, itakuwa mikono."

Sjoerd aligusa picha pale kibofu kiliponaswa.

"Roboti," alisema. "Na wanafunzi wangu wasijue."

"Watajua kabla ya kahawa ya saa nne."

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi. Kama ilivyo desturi, kabla ya dawa ya usingizi kila mmoja alitaja jina na kazi yake, ingawa walikuwa wakionana kila siku.

"Nynke, muuguzi wa vyombo."

"Douwe, msaidizi."

"Wietske Bouma," alisema Wietske. "Daktari wa upasuaji."

Ikabaki zamu moja. Wote wakainamisha macho kuelekea mezani.

"Sjoerd Hoitsma," alisema, akiitazama taa iliyokuwa juu ya uso wake. "Mgonjwa."