Msimamizi wa Kidonge cha Saa Mbili

"Sisaini, MaNgcobo! Hata ulete polisi wa Umlazi nzima!"

"Piga kelele, Baba Nqobile, majirani wasikie. Hilo tu ndilo lilikuwa limebaki."

Muziwakhe kasimama katikati ya sebule, kofia kichwani, koti mwilini. Mkono mmoja glasi ya maji, mkono mwingine kidonge. Kwenye TV muziki wa tamthilia ya saa mbili umeanza. Miaka kumi na minane sasa, muziki huo ukilia anampa Zibuyile, ambaye yeye humwita MaNgcobo kwa jina la ukoo, kidonge chake cha ARV, anamwangalia akimeza, anaweka tiki kwenye daftari. Zamani kliniki hawakupi dawa mpaka ulete mtu wa kukusimamia, atie saini. Yeye alitia. Hajakosa hata siku moja. Jioni ya mafuriko alitokea na suruali imelowa mpaka magotini, akauliza maji ya kunywa yako wapi.

Sasa imekuja sindano. Unachomwa kila baada ya miezi miwili, vidonge basi. Nesi kasema virusi havionekani kwenye damu, Zibuyile anafaa. Kimebaki kikaratasi kimoja tu: msimamizi akubali kwamba kazi yake imekwisha.

"Dawa inakaa mwilini miezi miwili inafanya nini humo? Inalipa kodi?"

"Inafanya kazi. Siyo kama wengine."

"Wanachoma wapi?"

"Matakoni. Moja huku, moja kule."

"Na nani atashuhudia?"

"Nesi, Baba Nqobile. Kasomea."

Muziwakhe akanywa yale maji yeye mwenyewe. Kuja kushtuka, glasi tupu. Akaiacha mezani, akaingia jikoni. Makabati yakafunguliwa, yakafungwa.

"Glasi umezihamishia wapi?"

"Tangu Pasaka ziko juu ya friji!"

Akarudi na maji. Zibuyile akameza, akatoa ulimi uonekane, kama kawaida. Muziwakhe akaweka tiki, polepole, kama anachora nyumba.

"Nataka kwenda Joburg kwa Nqobile nikae mwezi," Zibuyile akasema. "Kila nikipanda basi kutoka kliniki, kopo la vidonge linalia kama kayamba. Nimelijaza pamba, bado linalia. Abiria wote wanajua ninaumwa nini. Nimechoka. Saini."

"Nitafikiria."

"Ufikirie nini? Mwaka Kombe la Dunia lilipochezwa hapa kwetu, pale mahakamani, talaka yetu uliisaini umesimama, tena kwa kalamu ya kuazima!"

Muziwakhe akaitazama karatasi.

"Ile haikunikataza kuja," akasema.

Akakaa. Akaandika jina lake, herufi moja moja.

"Vidonge vimebaki vingapi?"

"Sita."

"Haya. Kesho saa mbili," akasema, akatoka, akafunga mlango.